Pepopunda kwa mtoto mchanga: kinachotokea ndani ya neva, na kwa nini chanjo yako ndiyo kinga yake

Mtoto amezaliwa salama. Amelia kwa nguvu, amenyonya siku ya kwanza, ya pili na ya tatu bila shida. Siku ya sita hivi anaanza kubadilika. Analilia ziwa, lakini akipewa hawezi kulishika. Mdomo umekaza. Wa nyumbani wanaweza kudhani ana mafua, au maziwa ya mama yamemkataa, au mtu mwenye jicho baya amempita. Kufikia kesho yake mwili mzima unakakamaa kila anapoguswa, mgongo unapinda kwa nyuma, ngumi zimefumbwa, na bado macho yanaonyesha kwamba ana fahamu zake.

Hiyo ni pepopunda. Jina lenyewe lina pepo ndani yake, na si ajabu, maana kwa anayetazama inaonekana kama kitu kimemwingia mtoto. Kweli kuna kitu kimemwingia. Ni sumu ya bakteria, na kazi yake imeshajulikana hatua kwa hatua. Tumeona tukueleze hatua hizo kwa sababu maagizo mawili ambayo nesi huyarudia kila siku kliniki, yaani choma sindano ya pepopunda na usipake chochote kwenye kitovu, ni rahisi zaidi kuyashika, na kuwaeleza wengine nyumbani, ukijua yanazuia nini.

Mwili unavyopeleka mizigo yake

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Seli ikitaka kutoa kitu nje haiwezi kujitoboa, kwa sababu ikijitoboa itakufa. Inachofanya ni kukifunga kitu hicho ndani ya kifuko kidogo chenye utando kama wake. Kifuko kinasafirishwa hadi ukingoni mwa seli, utando wake unaungana na utando wa seli kama matone mawili ya mafuta yanavyoungana juu ya mchuzi, na kilichomo kinamwagika nje.

Wewe unayenyonyesha unaijua kazi hii ingawa hujawahi kuiita hivyo. Mtoto akianza kunyonya, habari inafika kwenye ubongo, na vifuko vilivyojaa homoni ya oksitosini vinamwaga mzigo wake kwenye damu. Muda mfupi baadaye unasikia maziwa yanashuka. Protini zilizomo kwenye maziwa hayo nazo zilitoka kwenye seli za titi zikiwa ndani ya vifuko vya namna hiyo hiyo.

Vifuko haviendi ovyo. Kuna protini zinazofanya kazi ya anwani, zinazohakikisha kifuko kinafika upande unaotakiwa na si kwingine. Kisha kuna protini za kundi linaloitwa SNARE, ambazo ndizo zinazofunga kifuko kwenye utando. Fikiria boti ya mizigo inayofika gati la Kemondo. Kufika karibu na gati hakutoshi, maana mawimbi yanaisukuma. Mtu wa kwenye boti anarusha kamba, wa gatini anaipokea, inavutwa na kufungwa, ndipo magunia yanashuka. Ndani ya seli, protini moja ya SNARE imechomekwa kwenye kifuko na nyingine ziko kwenye utando unaosubiri. Zikikutana zinajisokota pamoja, kama mtu anavyosokota kamba ya mgomba, na kadiri zinavyojisokota ndivyo tando mbili zinavyobanwa hadi zinakuwa moja. Wanasayansi watatu waliochambua usafirishaji huu, James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013.

Kamba iliyo kwenye vifuko vya neva inaitwa sinaptobrevini. Pepopunda ni habari ya protini hiyo moja.

Sumu inayokata kamba

Kunja mkono wako. Msuli wa mbele wa mkono umekaza, na wakati huohuo wa nyuma umeachia. Kwa kila amri ya kukaza inayotoka kwenye uti wa mgongo kuna amri nyingine ya kutuliza, mfano wa breki. Amri hizo za kutuliza hupelekwa na neva maalumu ambazo humwaga vifuko vyenye kemikali ziitwazo glaisini na GABA.

Bakteria wa pepopunda akiingia kwenye kidonda kisichopata hewa, kama kitovu kilichofunikwa kwa kitu kichafu, anaanza kuzaliana na kutoa sumu. Bakteria mwenyewe habanduki pale kidondani. Sumu ndiyo inayosafiri. Inashika ncha za neva zilizo kwenye misuli, inajiingiza ndani ya vifuko vya neva hizo, na kusafiri navyo kurudi juu hadi kwenye uti wa mgongo. Yaani inapanda magari ya mwili wenyewe bila nauli. Ikifika huko inahamia kwenye zile neva za breki, tena kwa kuingia kwenye vifuko vyake. Kisha sehemu moja ya sumu inapenya kutoka kwenye kifuko na kufanya kazi moja tu: inaikata sinaptobrevini.

Vifuko bado vipo na vimejaa, lakini havina kamba. Haviwezi kufunga gatini. Amri ya kutuliza haitoki, na amri za kukaza zinaendelea bila wa kuzizuia. Sauti ndogo, mwanga wa tochi au mkono wa mama unaombadilisha nepi vinatosha kuuamsha mwili mzima ukakamae. Waliogundua kwamba sumu hii inakata protini hiyo walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Padova, Italia, mwaka 1992. Kabla ya hapo madaktari walijua sumu inaziba amri za neva, ila hawakujua kwa njia gani.

Kwa nini taya ndiyo huanza? Sumu iliyoingia kwenye damu inafika kwenye misuli yote, na kutoka huko inapanda kwenye neva. Neva za uso na taya ni fupi kuliko za miguu, kwa hiyo safari yake ni fupi na sumu hufika mapema. Kwa mtu mzima taya inafunga. Kwa mtoto mchanga, taya ikikaza, kitu cha kwanza kupotea ni kunyonya.

Kuna sumu ya bakteria mwingine, ya ugonjwa wa botulizimu, ambayo aina yake moja inaikata protini hiihii mahali palepale. Lakini yenyewe inabaki kwenye neva zinazokazisha misuli, na mgonjwa wake analegea badala ya kukakamaa. Kamba ni ileile, ila boti ni nyingine.

Na si bakteria tu wanaotumia vifuko vya mwili vibaya. Watu wa Bukoba Vijijini hawajasahau mlipuko wa Marburg uliotangazwa Machi 2023 na kutangazwa kwisha Juni 2 mwaka huohuo. Kirusi cha Marburg humezwa na seli ndani ya kifuko, kinasafirishwa hadi ndani, kisha kinaunganisha utando wake na utando wa kifuko hicho ili kitoke kiendelee kuzaliana. Ni ugonjwa tofauti kabisa na pepopunda, na unaambukizwa mtu kwa mtu, jambo ambalo pepopunda haifanyi. Huwezi kupata pepopunda kwa kumbeba au kumhudumia mgonjwa wake.

Udongo wa kibanja

Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama kama ng'ombe, farasi na punda, akiwa kwenye hali ya mbegu ngumu inayodumu miaka mingi. Jua haliiui kirahisi, na kuchemsha kidogo tu hakutoshi.

Sasa tazama kibanja cha Bukoba au Muleba. Migomba na kahawa vinastawi kwa sababu familia zimeweka samadi ya ng'ombe na nyasi kizazi baada ya kizazi, na kibanja kinaanzia mlangoni. Ndicho kinachotulisha, wala hakuna sababu ya kukiogopa. Ila ina maana kwamba mbegu za pepopunda zipo kwenye jembe, kwenye panga la kukatia majani, kwenye nyayo za watoto na chini ya kucha za mtu mzima aliyetoka shambani. Funza nao wanafungua mlango. Kidonda cha funza kilichochokonolewa kwa mwiba au pini iliyotumika kwa watu watatu ni mahali pazuri sana kwa bakteria huyu.

Ndiyo maana pepopunda haiwezi kutokomezwa kama ndui ilivyotokomezwa. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeondoa pepopunda ya mama na mtoto mchanga, lakini neno "kuondoa" hapa lina kipimo chake: wagonjwa wachanga wawe chini ya mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, katika kila wilaya. Bakteria bado yuko palepale kibanjani. Kilichobadilika ni akina mama kuchanjwa na kujifungua kwa usafi. Duniani, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1988 pepopunda iliua watoto wachanga wapatao 787,000. Kufikia 2018 makadirio yalishuka hadi watoto 25,000. Mafanikio hayo yanashikiliwa na kadi za kliniki, na mama akikosa sindano, mtoto wake anarudi kwenye hatari ileile ya zamani.

Kinga inavyovuka kutoka kwako

Chanjo hutengenezwa kwa sumu yenyewe iliyouliwa makali kwa formalini. Umbo linabaki, uwezo wa kukata umekwisha. Mwili wako unalitazama umbo hilo na kutengeneza kingamwili, protini zinazoshika sumu halisi ikiwa bado kwenye damu, kabla haijaingia kwenye neva.

Mtoto mchanga hana muda wa kutengeneza zake. Chanjo yake ya kwanza yenye kinga ya pepopunda hutolewa akiwa na wiki 6, wakati pepopunda ya kitovu huwa imeshapita au imeshamuua. Kwa hiyo anatumia zako. Hapa vifuko vinarudi tena, safari hii vikiwa upande wetu. Seli za kondo la nyuma humeza majimaji ya damu ya mama ndani ya vifuko. Humo ndani kuna protini inayozishika kingamwili zisisagwe, inazivusha hadi upande wa mtoto, kisha inaziachia kwenye damu yake. Kazi hii inaongezeka zaidi miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Mtoto wa mama aliyechanjwa vizuri anazaliwa akiwa tayari na kinga kwenye damu yake.

Kutengeneza kingamwili kunachukua muda, na kuzivusha kunachukua muda. Mama anayefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na miezi minane bado atachanjwa, na ni vizuri achanjwe, lakini siku zimembana.

Mpangilio ni dozi tano kwa maisha ya uzazi. Ya kwanza hutolewa mara tu unapofika kliniki. Ya pili ni angalau wiki 4 baadaye, na iwe imepita angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Hizo mbili zinakulinda kwa miaka 3 hivi. Ya tatu hutolewa angalau miezi 6 baada ya ya pili, na kinga inafika miaka 5. Ya nne ni angalau mwaka mmoja baada ya hapo, kinga miaka 10. Ya tano, mwaka mwingine tena, inakulinda kwa miaka yote ya kuzaa. Akina mama wengi huchoma mbili kwenye mimba ya kwanza, kisha kadi inapotea na hesabu inaanza upya. Itunze kadi hiyo kama unavyotunza hati ya shamba. Ukiwa umesahau kabisa ulichoma ngapi, mwambie nesi ukweli, na usiseme "nimemaliza" ili uwahi gari.

Bado kuna wanaosema sindano hii inafunga uzazi. Mwaka 2014 nchini Kenya madai hayo yalipata sauti kubwa, hata maaskofu wa Kanisa Katoliki wakahoji kampeni ya chanjo, na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wakayakanusha. Hatuwacheki walioogopa, mwanamke ana haki ya kuuliza anachomwa nini. Lakini tazama mwenyewe majirani zako. Mwanamke anayechoma dozi ya tatu, ya nne na ya tano mara nyingi ni yule aliyerudi kliniki na mimba nyingine baada ya kuchoma zile za kwanza.

Kitovu, na mama mkwe

Chanjo ni ukuta wa kwanza. Wa pili ni kitovu kisafi. Mkono wa anayezalisha uoshwe kwa sabuni, mahali pa kujifungulia pawe safi, wembe uwe mpya ambao haujakata kitu kingine, na kibanio au uzi wa kufungia uwe safi. Zahanati na hospitali zina vitu hivi. Kama unaishi visiwani, Bumbire, Goziba au Kerebe, shida ni maji yaliyo kati yako na hospitali, na ziwa halisubiri uchungu wako. Panga kuhamia kwa ndugu nchi kavu wiki chache kabla ya tarehe, au uliza kliniki kama hospitali unayopangiwa ina nyumba ya kusubiria kujifungua. Na wembe mpya uwe ndani ya begi lako tangu mwezi wa saba, hata kama umepanga kwenda hospitali.

Baada ya hapo kitovu hakihitaji kitu. Kiache wazi, kikavu, nepi ifungwe chini yake. Samadi, majivu, udongo wa kichuguu, majani yaliyotafunwa, mafuta ya kupikia, poda: vyote hivyo vinaweza kubeba mbegu za pepopunda au kuzifunikia hewa, na bakteria huyu anapenda mahali pasipo na hewa. Ukipewa dawa ya kitovu na mhudumu wa afya, tumia hiyo peke yake, kama alivyokuelekeza.

Tunajua kwamba mara nyingi uamuzi hauko mikononi mwako peke yako. Mama mkwe amelea watoto saba, ana dawa yake ya kitovu, na wewe ndiyo kwanza umetoka leba. Ukimwambia kwamba dawa yake inaua utakuwa umemtukana, na huenda hatakusikia. Jaribu hivi: "Mama, nesi amesema huyu tukiache kitovu kikauke chenyewe, na nikienda kliniki atakikagua." Au nenda naye kliniki, muulize nesi swali hilo mbele yake. Mara nyingi bibi akishapewa kazi ya kulinda kitovu kisiguswe na wageni, hakuna mlinzi mkali kama yeye.

Hatari haiishii kwenye kitovu. Kukata kimeo, kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki, kutoboa masikio kwa sindano ya kushonea, vyote vinafungua kidonda kwa mtoto ambaye pengine hana kinga ya kutosha.

Ukiona dalili

Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa kunyonya na kuanza kukakamaa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Wengi hulichanganya jambo hili na degedege, na wewe huhitaji kutofautisha. Vyote viwili ni vya hospitali, wala si vya kusubiri asubuhi. Njiani mfunike macho kwa kitambaa chepesi kisichoziba pua, punguza kelele, usimpanulie mdomo kwa kijiko, usimnyweshe kitu.

Ukiwa Muleba kuna Rubya, Ndolage na Kagondo. Ukiwa Bukoba kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kama zahanati iko jirani kuliko hizo, anzia hapo, watakusaidia kupata usafiri wa rufaa.

Hospitalini mtoto hupewa kingamwili za kuikamata sumu iliyobaki kwenye damu, antibiotiki za kuwaua bakteria, dawa za kutuliza misuli, na chakula kwa mrija. Anawekwa chumba chenye giza na kimya, na utaombwa usimshikeshike, jambo gumu sana kwa mama. Sumu iliyokwisha ingia ndani ya neva haifikiwi na dawa yoyote. Neva zenyewe zinapaswa kujenga upya, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo usikate tamaa siku ya nne ukiona bado anakakamaa, wala usimtoe kwenda kwa mganga kwa kuona kwamba dawa za hospitali hazifanyi kazi.

Akipona, bado hana kinga. Sumu inayotosha kumwangusha mtu ni kidogo kiasi kwamba mwili haupati nafasi ya kuijua, hivyo aliyeugua anaweza kuugua tena. Apelekwe kwenye chanjo zake za wiki 6, 10 na 14 kama mtoto mwingine. Na wewe uchomwe yako kabla hujaondoka hospitalini, kama kadi inaonyesha hujatimiza.

Jambo moja la mwisho kwa kaka na wana wa nyumbani. Dozi za utu uzima kwa kawaida huchomwa wajawazito, kwa hiyo wanaume wengi wana zile za utotoni tu, kama walizipata. Kijana wako akienda kutahiriwa, au mzee akijikata kwa panga kibanjani, ulizeni kuhusu sindano ya pepopunda siku hiyohiyo.